Pesa Zisizolala kwenye Simu Yangu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na ninyi mliowahi viti vya mbele, na asifiwe na ninyi mliosimama mlangoni mkitafuta pa kukaa. Mimi ni Shadrack, mume wa Rodah, yule anayeuza vitu vya zamani mtandaoni. Wengi wenu mnanijua kwa pasi za makaa na redio za mbao. Leo sikuja na kitu cha kuuza. Nimekuja kusema alichonitendea Mungu, kwa sababu nikikinyamazia nitakuwa nimemnyima haki yake.

Nilizaliwa karibu na Makadara, katika nyumba za reli. Baba yangu alikuwa mtu wa reli, na gari moshi lilipopita, vikombe vya mama vya bati vilitikisika ndani ya kabati. Kabati lenyewe lilikuwa la mbao nyekundu, lenye vioo viwili, na mama alilipaka nta kila Jumamosi. Mpaka leo nikisikia harufu ya nta ya mbao nasimama njiani kama mtu aliyeitwa jina lake. Baba alipoacha kazi tulitakiwa kutoka katika ile nyumba. Chumba tulichopata mtaa wa Jericho kilikuwa na mlango mwembamba, kabati likakataa kuingia. Tuliliacha nje, mvua ikanyesha, kisha mtu akaja akalinunua kwa bei ya kuni. Mama alivifunga vikombe kwenye leso.

Nadhani siku ile ndipo nilipojifunza kuishi na vitu vinavyobebeka. Baada ya kidato cha nne niliondoka nyumbani, na tangu hapo sikutulia. Nimekaa Kayole, nimekaa Dandora, nimekaa Umoja, nikarudi Kayole, nikaenda Mathare, ndipo nikaja Huruma. Nikikosana na mwenye nyumba, nahama. Biashara ikilala, nahama. Hata nilipofiwa na mama, sikumaliza mwezi katika kile chumba. Rodah nilimwoa akiwa hajui jambo hilo, na maskini alilijua upesi!

Kila tulipofika mahali papya alisema, "Baba Joy, sasa tununue kabati. Nguo zetu zinaishi kwenye mifuko kama abiria."

Nami nilimjibu, "Mama Joy, kabati halihami."

Hayo ndiyo yaliyokuwa maisha yangu, ndugu zangu. Nilidhani ni uhuru.

Sasa, biashara hii ilianza na pasi ya makaa ya mama. Siku moja mambo yalikuwa magumu, nikaipiga picha na simu nikaiweka mtandaoni. Sikuandika bei tu. Niliandika jinsi mama alivyosimama mlangoni Jumapili jioni akiipepea mpaka makaa yawake, na jinsi kaptula yangu ya shule ilivyonuka wanga na moshi kidogo. Kabla ya chakula cha mchana ilikuwa imenunuliwa. Mnunuzi alikuwa mtu aliyekulia Jerusalem hapa hapa Eastlands, siku hizi anaishi ng'ambo. Aliniambia alisoma maneno yale akalia ofisini kwake.

Haleluya! Miguu yangu ya kutangatanga ikapata kazi! Nilianza kuzunguka mitaa nikinunua taa za chemli, sahani za bati zenye maua, viti vya kukunja, saa za ukutani zilizokufa. Nilivisafisha, nikavipiga picha, nikavisimulia. Watu hawakununua saa iliyokufa, walinunua sebule ya shangazi yao.

Halafu majirani wa ploti yetu, lile jengo la vyumba vya kupanga, wakaanza kuleta vyao. "Shadrack, nipigie hii picha. Isimulie vizuri, wewe una mdomo." Aliyeleta zaidi alikuwa Mama Zaituni, jirani yetu wa mlango wa pili. Mama Zaituni ni Mwislamu, aliingia nchi hii akiwa msichana mdogo, ameshika gauni la mama yake, vita vikiwa nyuma yao. Yeye hununua birika za shaba, vyetezo na mikeka kwa jumla Eastleigh. Nilimuuzia, pesa ikaingia kwenye simu yangu, nikatoa kidogo cha jasho langu, nikamtumia iliyobaki. Vivyo hivyo kwa wengine wote. Laini ilikuwa moja, yangu.

Na hapa ndipo kosa lilipokuwa. Katika ploti yetu tulikuwa na imani moja ambayo haikutoka kanisani wala msikitini, lakini wote tuliishika. Tuliamini kwamba pesa ikiingia kwenye simu ikatoka kabla ya jua kuzama, hiyo haihesabiki kuwa mapato. Imepita tu! Mapato ni ile inayolala kwako. Kwa hiyo kila jioni nilihakikisha simu yangu iko tupu. Za Mama Zaituni zimeenda kwa Mama Zaituni. Zangu nimemtumia Rodah, nimetuma karo ya binti yetu Joy, nimetuma kodi ya nyumba. Hakuna iliyolala. Nilijiona mtu safi kabisa, na hakuna mtu katika ploti aliyeniambia vingine, maana wote walifanya hivyo hivyo.

Kila Juni, mwezi wa mwisho wa kujaza ritani, zile fomu za kutangaza mapato kwa watu wa ushuru, tulipanga foleni kwa Kevo, kijana wa saiba, kile kibanda cha kompyuta pale chini ya ghorofa. Kevo hakuwa na maneno mengi. Aliuliza bila kuinua macho, "Buda, umeandikwa kazi mahali?"

"Sijaandikwa."

"Basi ni sifuri. Anayefuata!"

Anabonyeza, anachapisha karatasi, namlipa, natoka nikipiga mluzi. Mtu asiyeandikwa kazi ni sifuri. Hata Kevo mwenyewe aliamini hivyo, wala simlaumu.

Ndugu zangu, asubuhi moja nilikuwa nafunga redio ya mbao kwa magazeti na kamba, naitayarishia safari, simu ikalia. Ujumbe wa ofisi ya ushuru. Ulisema malipo yanayoingia kwenye laini yangu hayalingani na sifuri ninayotangaza, nifike nieleze. Niliketi juu ya ile redio, nayo ikapasuka pembeni.

Nilifanya ujinga wa kwenda kuuliza bombani, mahali ploti nzima inachota maji. Kumbe nimepeleka sinema!

"Kwani Shadrack una pesa za kuitiwa, na jana ulikopa chumvi kwangu?"

"Tajiri wa pasi za makaa!"

"Usijali, korti ziko Makadara, karibu na kwenu. Utakuwa umerudi nyumbani!"

Walicheka mpaka maji yakamwagika, nami nikacheka nao kwa mdomo tu. Niliwaza mtandao wangu utafungwa, laini itafungwa, vitu vya watu vitachukuliwa mikononi mwangu. Nikafanya kile nilichojua kufanya tangu ujana. Nilifunga ukurasa wangu wa mauzo, nikapata chumba Lucky Summer kwa mtu asiyeuliza maswali, nikamwita Njoro wa mkokoteni.

Njoro alipofika, Rodah alikuwa anachambua mboga mlangoni. Alitazama mkokoteni, akanitazama mimi.

"Tunahama?"

"Kwa muda kidogo, Mama Joy."

"Kwa sababu ya ile meseji?"

Nikaokota mfuko wa kwanza.

Alikung'uta majani ya mboga kwenye gauni lake, akasema polepole, "Nimekufuata Kayole mara mbili. Nimekufuata Dandora. Kila ninapozoea jirani, unaita mkokoteni. Safari hii nenda na mifuko yako, Baba Joy. Mimi hapa nina kanisa, nina watu. Sihami."

"Na nikikaa kule?"

"Basi utakuwa umehama na kwangu pia."

Njoro akajifanya anakagua magurudumu. Nami, ndugu zangu, kwa aibu nawaambia, nilipakia mifuko yangu na ile redio iliyopasuka, nikaondoka. Hivyo ndivyo hofu inavyomfanya mtu! Nilikuwa nauza kumbukumbu za nyumba za watu, na yangu nikaiacha mlangoni na mboga mkononi.

Lucky Summer si mahali pabaya. Lakini mle chumbani sikuwa na hamu hata ya kufungua mfuko. Mchana nilisikia watoto wa jirani wakicheza na gari la waya, nikakumbuka magari ya waya tuliyotengeneza sisi kule kwenye nyumba za reli, nikamkumbuka Joy, nikamkumbuka Rodah. Nilipiga magoti, nikaomba ombi moja tu. "Bwana, nifiche." Asubuhi hilo, mchana hilo. Nifiche, Bwana!

Namshukuru Mungu kwamba alilikataa ombi hilo! Nilimwomba anifiche, akatuma mtu akanipata.

Jumapili moja, watu wakitoka makanisani, mlango uligongwa. Nikajua ni askari. Nilifungua nikiwa nimeshaandaa uongo, nikamkuta Mama Zaituni na chupa ya chai kwapani, anahema kwa ngazi. Mtu anayetaka kujificha asihame na mkokoteni, ndugu zangu. Njoro alikuwa amemwambia mpaka rangi ya mlango.

Hakusubiri kukaribishwa. Aliketi kwenye ndoo yangu, akamimina chai ya tangawizi, akanipa mimi kifuniko.

"Wallahi, Shadrack, umekonda kama ufagio. Unakimbia nini?"

Nikamweleza. Ujumbe, korti, laini, yote. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akajifuta macho na ncha ya ushungi.

"Mimi nimekimbia bunduki, ndugu yangu. Nimekimbia nyumba ikiwaka nyuma yangu, mama akinivuta mkono. Huko ndiko kukimbia! Wewe unakimbia meseji?"

"Mama Zaituni, wewe huelewi..."

"Naelewa sana. Waliotukimbiza sisi hawakutuambia tufike tueleze. Hawa wanakuomba ukaeleze! Basi twende ueleze. Kila pesa ya birika zangu ilinifikia siku ile ile, nami nina meseji zake zote. Nitakuwa shahidi wako." Halafu akashusha sauti. "Na Rodah anakula kidogo siku hizi. Hakuniambia nikuambie, lakini nakuambia."

Ndugu zangu, sikuona nuru, sikusikia sauti ya ajabu. Nilimwona mwanamke aliyekuwa na sababu zote za kuendelea kukimbia maisha yake yote, naye amechagua mahali, ameweka birika yake, amekaa. Na mimi, niliyezaliwa hapa hapa, nimekimbia miaka yote nikikimbizwa na kabati la mama lililoloa mvua! Kitu kilifunguka kifuani. Nikaweka kile kifuniko cha chai chini, nikasema kwa sauti, "Bwana, nimechoka kufichwa. Nisimamishe." Mama Zaituni akasema, "Amina," kisha akasema, "Haya, beba mfuko."

Nilirudi Huruma jioni ile. Rodah hakunikumbatia kama kwenye filamu. Alisema, "Kuna mboga ya jana." Ilikuwa tamu kuliko nyama.

Tulikwenda ofisi ya ushuru watatu, mimi, Rodah na Mama Zaituni. Nilitarajia pingu. Nilikuta foleni, kiti na dada mmoja mpole aliyekuwa na mafua. Nikamweleza yote, hata ile imani yetu ya pesa zisizolala. Hapo aliweka leso yake chini akanitazama.

"Mzee, nani aliwaambia hivyo?"

"Ni ploti nzima, madam."

Hakucheka, ingawa nadhani alitamani. Alisema haijalishi pesa imekaa mwaka au dakika. Kilichoingia kwa sababu umeuza, kimeingia. Kuuza mtandaoni ni biashara sawa na kuuza kibandani, na wajibu wa kutangaza ni wa muuzaji mwenyewe. Si wa mtandao, si wa mnunuzi, si wa kijana wa saiba. Sifuri ni ya mtu ambaye kweli hakupata kitu.

Lakini alikuwa hajamaliza. Akasema pesa za wenzangu zilizopita mikononi mwangu si mapato yangu, mradi nioneshe zilikwenda kwa nani. Yangu ni ule ujira wa jasho, na faida ya vitu nilivyonunua mwenyewe nikauza. Na hata hapo natoa nilichonunulia, nauli, kamba na gharama ya kutuma mizigo. Tulikaa naye tukizipitia meseji, Mama Zaituni akisoma zake kwa sauti kubwa mpaka foleni yote ikajua bei ya birika. Mwishowe kile kidude kilichonitisha kama simba kilisinyaa. Kulikuwa na ushuru wa kulipa, sikatai, na faini ya kuchelewa juu yake. Niliambiwa nirekebishe ritani za nyuma, nami nikaruhusiwa kulipa kidogo kidogo. Hakuna aliyetaja Makadara!

Mama Zaituni akasimama, mkoba kwapani. "Alhamdulillahi. Nimemaliza ushahidi wangu."

Yule dada akamwuliza kwa upole, "Na wewe, mama? Hizo birika unazonunua Eastleigh zikauzwa mtandaoni, huwa unatangaza?"

Mama Zaituni akanigeukia mimi, akamgeukia Rodah, akaketi tena. "Yaani nimekuja shahidi," akasema, "nikageuka mshtakiwa!"

Rodah alicheka mpaka akashika meza. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu siku ya mkokoteni. Yule dada akaeleza upya, kwamba mtu akiuza sufuria lake kuukuu mara moja kwa sababu ya shida si mfanyabiashara, lakini anayenunua ili auze ni mfanyabiashara hata kama duka lake ni simu. Mama Zaituni alinung'unika njia nzima hadi nyumbani, na wiki iliyofuata alirudi pale mwenyewe, bila kuvutwa.

Najua mnachosema mioyoni mwenu. Mnasema, Shadrack, ushuru tunalipa na mtaro wa Huruma bado unafurika. Hata mimi nasema hivyo, na nitaendelea kusema! Lakini sasa nasema nikiwa nimesimama wima. Zamani nikiona gari la serikali nilikuwa nageukia uchochoro. Mtu anayejificha hawezi hata kulalamika, maana ataulizwa jina.

Leo ukurasa wangu umefunguliwa tena. Nina laini ya biashara peke yake na laini ya nyumbani peke yake. Ninapouza kitu cha mwenzangu, kila mmoja anajua kilicho chake na kila mmoja anatangaza chake. Bombani hawanicheki tena, wananiuliza maswali. Kevo naye amebadilisha swali lake. Siku hizi anasema, "Buda, umeuza kitu mwaka huu?" na ukimdanganya anakutazama vibaya.

Juni iliyopita nilipokuwa najaza ritani, tulifika mahali panapouliza makazi. Miaka yote Kevo aliandika tu chochote kilichokuja, maana hata mimi sikujua nitakuwa wapi mwezi ujao. Safari hii akauliza, "Niandike wapi?" Nikamwambia, "Andika Huruma." Nikataja jina la ploti, nikataja na namba ya mlango. Mtu wa arobaini na kitu, nalia saiba kwa sababu ya anwani!

Ndugu zangu, wiki iliyopita Njoro alisimamisha mkokoteni mbele ya ploti yetu. Majirani wakachungulia madirishani. Mmoja akapiga kelele, "Shadrack! Meseji nyingine?" Rodah akajibu kutoka ngazini kabla yangu, "Leo hatutoi, tunaingiza!"

Lilikuwa kabati. La mbao nyekundu, lenye vioo viwili, nililolipata Jericho nikizunguka, si lile la mama lakini ndugu yake kabisa. Watu wengi mtandaoni wangelipenda, na kwa bei nzuri. Sikulipiga picha. Lilipofika mlangoni likakataa kuingia, kama lile la zamani. Ndugu zangu, sikuliacha nje! Njoro aling'oa mlango kwenye bawaba, tukabomoa kipande cha fremu, mwenye nyumba akapiga kelele nikamwahidi kurekebisha, Mama Zaituni akiamuru kushoto, kulia, inua, shusha, kana kwamba anaelekeza ndege. Likaingia. Kisha tukamwita fundi akaujenga ule mlango upya. Fundi akaniambia, "Mzee, hili sasa halitoki mpaka lipasuliwe."

Nikamwambia, hayo ndiyo niliyokuwa nikiyatafuta.

Kwa hiyo ndugu yangu, dada yangu, wewe unayeuza viatu mtandaoni, keki, nywele, kuku, wewe uliyejaza sifuri na simu yako haipumziki kulia, mimi sikuhukumu. Nilikaa mahali ulipokaa. Usisubiri ujumbe, usiite mkokoteni. Nenda ukaseme ukweli wako wote, ulio wako na usio wako, na ukiogopa kwenda peke yako, njoo mlangoni kwetu. Mimi na Rodah tutakusindikiza, na Mama Zaituni atakuja na chai. Na kama kuna jambo lingine linalokukimbiza, hata si la ushuru, mwambie Mungu. Lakini usimwombe akufiche kama nilivyoomba mimi. Mwambie akusimamishe.

Rodah amevipanga vikombe vya mama ndani ya kabati. Gari moshi halipiti karibu nasi, lakini vikombe hutikisika kidogo watoto wa juu wakikimbia. Nikivisikia, nasema asante. Bwana asifiwe! Na mkitoka hapa leo mkaulizwa Shadrack anakaa wapi, waambieni.